Fundi wa Manzese asiyekimbilia kupiga Windows

Saa tatu asubuhi, Manzese. Barazani mwa nyumba iliyo jirani na Barabara ya Morogoro, Atuganile Mwalyego anafungua skrubu ya mwisho ndani ya kompyuta ya mezani na kuiweka kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka. Basi la mwendokasi linapita, meza inatikisika, naye anakishika kifuniko kwa kiganja mpaka itulie.

Kwenye kiti cha plastiki mbele yake amekaa Huda Muhdhar, aliyetoka Tabata. Yeye na baba yake, Mzee Azan, wana duka la kudarizi nembo za sare za shule na shingo za kanzu. Kompyuta ni yao. Umeme ulikatika wiki iliyopita, ukarudi kwa nguvu, na tangu hapo haijawaka.

Ndani ya kompyuta hiyo mna programu inayoiongoza mashine ya kudarizi. Sidi yake ilipotea familia ilipohamisha duka, na aliyewauzia alikwishafunga biashara. Programu ikifutika, mashine haitakuwa na wa kuiambia ishone nini, na shule zinakaribia kufunguliwa.

Huda alishapita kwa mafundi wawili. Wote walimwambia maneno yaleyale: mazabodi imeungua, nunua nyingine, kisha tukupigie Windows upya.

Mazabodi ni ule ubao mpana ambao vifaa vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Kupiga Windows, kwa lugha ya mafundi wa mjini, ni kusafisha diski na kuweka mfumo mpya, kama mtu anayebomoa nyumba kwa sababu mlango umeharibika. Kazi huisha haraka na mteja huona kompyuta inawaka. Anachokosa hukigundua akishafika nyumbani.

"Hawa wenzangu wanapigaga Windows hata kipanya kikikatika waya," anasema Atuganile, ambaye hapa mtaani wanamwita Mama Brightson kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Tukuyu, akaja Dar es Salaam kumsaidia shangazi yake kulea watoto, na alipomaliza kazi hiyo akapata nyingine ya kufagia kwenye kafe ya intaneti Magomeni. Kompyuta zilipoharibika, fundi aliyeitwa alimwomba amshikie tochi. Atuganile aliishika, na aliuliza maswali mengi hadi fundi akamwambia aende shule. Akaenda. Alisoma kozi ya jioni ya umeme na elektroniki, Chang'ombe, akitoka darasani na kurudi kafe kufunga milango.

Leo, wiki ikiwa nzuri, anabakiwa na shilingi elfu themanini akishalipa pango la baraza na umeme. Angepata zaidi, anakiri, kama angempigia Windows kila anayekuja. Kazi ya namna hii ya Huda hula siku nzima.

Jana alianza na jambo ambalo wengi huliruka: aliitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake na kunakili kila kilichomo. Leo asubuhi ameutoa ubao uliokufa na kufunga mwingine wa aina ileile, uliotumika, ulionunuliwa Kariakoo. Amesafisha feni kwa brashi ya rangi, amepaka dawa ya kupoza joto na kurudisha diski ileile mahali pake.

Anabonyeza kitufe. Feni inazunguka, mwanga unatokea, Huda anasogeza kiti. Kisha skrini inakuwa ya bluu na kompyuta inajizima.

Anajaribu tena. Bluu.

Polikarpo, fundi simu wa meza ya pili, ameacha kazi yake ili kutazama. "Mama Brightson, mteja anazeeka hapo kwenye kiti," anasema. "Piga Windows tukanywe chai."

"Tangulia. Niagizie na chapati, utakayelipa ni wewe."

Polikarpo anacheka lakini haondoki. Huda hacheki. Anauliza kwa sauti ndogo kama ndiyo imekufa.

"Haijafa, mwanangu. Ingekuwa imekufa isingefika hapo kwenye bluu. Imeamka, ila haiioni diski yake." Anafikiri kidogo, kisha anauliza: "Hii kompyuta, kabla yangu mie, nani mwingine ameifungua?"

Huda anajibu kwamba hakuna. Mzee Azan aliinunua Kurasini, ikitoka moja kwa moja kwenye kontena, na hajaruhusu mtu kuigusa ndani. Hata wale mafundi wawili waliipima kwa nje tu. Karatasi ya kuzibia kifuniko ilikatwa jana na Atuganile mwenyewe.

Hilo ndilo alilokuwa analitaka. Anaeleza huku mikono ikiendelea kufanya kazi. Kila ubao umewekewa namna yake ya kuisoma diski. Kompyuta za aina hii hutoka kiwandani na namna moja, na kwa kuwa ya Mzee Azan haikuguswa, Windows yake ilizoea hiyo. Lakini ubao wa Kariakoo umepita mikononi mwa wauzaji. Wao, ili wamwonyeshe mnunuzi kwamba spea ni nzima, huipigia Windows palepale dukani, na kwa kawaida huibadilisha ile namna ili kazi iende upesi. Hawairudishi ilivyokuwa, maana wanajua kila anayenunua naye atakwenda kupiga Windows.

Anaiwasha tena kompyuta na, kabla Windows haijaamka, anaingia kwenye mipangilio ya ubao wenyewe. Anashuka hadi mstari mmoja, anaurudisha ulivyotoka kiwandani, anahifadhi.

Vidoti vyeupe vinazunguka kwenye skrini nyeusi. Vinazunguka muda mrefu. Maandishi yanatokea kusema kwamba vifaa vinaandaliwa. Kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe, na Huda ameukumbatia mkoba wake kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Halafu inatokea picha ya mzee mwenye kofia ya viua, amesimama kando ya cherehani. Ni Mzee Azan.

Atuganile haishii hapo. Anasema Windows itadai ithibitishwe upya kwa kuwa imejikuta kwenye ubao mgeni, na kwamba sauti na mtandao vitahitaji kuwekewa programu zake ndogo. Hayo atayamaliza yeye. Kwanza anamsogezea Huda kipanya. "Fungua programu yako. Mie siijui."

Huda anaifungua. Inatokea nembo ya shule, mwenge na kitabu, uzi kwa uzi kama alivyoiacha. Anafungua nyingine, na nyingine. Ndipo anapompigia simu baba yake.

"Baba, ipo. Yote ipo."

Polikarpo anakwenda kuagiza chai, na chapati.

Jioni, wakati Huda anajiandaa kuondoka, Atuganile anamwomba jambo moja. Juu ya kichwa chake, ukutani, kuna bango alilolikuta siku alipopanga baraza hili: FUNDI KOMPYUTA, TUNAPIGA WINDOWS. Amekuwa akitaka kulipaka rangi, lakini wateja wengi huingia kwa kuyasoma maneno hayo, na anaogopa akiyafuta watadhani amehama.

Anataka kwanza ajaribu kwenye nguo. Ana koti la kazi la bluu, bado jipya. Angependa mashine ya Tabata imdarizie kifuani: Mama Brightson, hatufuti kabla ya kuuliza.

"Nianzie kifuani," anasema. "Wakishazoea kuyasoma hapa, namwita mchoraji, na lile la ukutani nalo linashuka."

Huda anauliza uzi uwe wa rangi gani.

"Mweupe," anasema Atuganile. "Uonekane kutoka barabarani."