Nilizima simu katikati ya update, nusura niipoteze sauti ya mama (Songea)

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, na rika langu mambo vipi.

Humu huwa nasoma tu. Nikiandika, basi ni kuuliza simu gani inakaa na chaji siku mbili. Leo nimekuja kushukuru. Haya yamenipata mwenyewe, hapa hapa Songea, na sehemu nilizoonekana mjinga nimeziacha kama zilivyokuwa.

Mimi nauza kwenye duka la pembejeo, mambo ya mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Ni mtu wa haraka tangu tumboni. Mama husema nilizaliwa mkunga akiwa bado anavua koti.

Mama mwenyewe hana haraka na kitu. Miaka mingi amekuwa kiongozi wa sala kwenye jumuiya yetu, na rozari akiongoza yeye, uwe umeshiba kabisa kabla ya kutoka nyumbani.

Mwaka jana mwezi wa kumi, mwezi wa rozari, dada yangu Gaudensia alikuwa bado anaishi Mbeya. Akanipigia: "Kaka, nirekodie mama akisalisha. Nimeikumbuka ile sauti."

Siku jumuiya ilipokutana kwetu nikaweka simu juu ya stuli, nikarekodi rozari yote. Karibu dakika hamsini.

Katikati ya fumbo la tatu kuku akapanda barazani, akaanza kudonoa mahindi yetu. Mama akasema, "Shii! Shii, wewe!", halafu akaendelea na Salamu Maria pale pale alipoishia. Jumuiya nzima ikaangua kicheko. Yote hayo yamo kwenye rekodi.

Faili likawa kubwa, na bando langu lilikuwa linaelekea ukingoni. Nikamwambia Gaudensia nitamtumia kesho. Hiyo kesho, wakuu, haikufika.

Mwaka huu, wakati wa palizi, mama akapata kiharusi.

Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakaondoka yote. Anatutambua, anaelewa kila tunachosema, ila mdomo hautoi kitu. Mtu aliyekuwa anaongoza watu arobaini kusali, sasa anaomba maji kwa kunyoosha kidole. Niliumia sana, sina namna nyingine ya kusema.

Gaudensia akarudi nyumbani kumuuguza. Dada mmoja anayewafanyisha wagonjwa mazoezi akatushauri: "Mwimbieni nyimbo alizozizoea, salini sala anazozijua kwa moyo. Wapo walioshindwa kuongea lakini sala ikawatoka."

Hapo nikaikumbuka ile rekodi.

Tukaanza. Kila siku saa kumi jioni simu juu ya stuli ile ile, mama anasikiliza sauti yake mwenyewe. Siku ya nne mkono wa kushoto ukaanza kusogeza punje za rozari, moja moja, sambamba na rekodi. Siku ya sita midomo ikawa inacheza. Sauti hamna, lakini midomo inafuata.

Tulikuwa tunaliona tumaini kwa macho. Halafu mimi mwanaye nikaliharibu mchana kweupe.

Simu yangu ilikuwa imeanza kusuasua. Storage imejaa, rekodi inakatakata, na kwa muda mrefu ilikuwa inaniletea ujumbe wa system update. Nikajisemea, nikii-update itakuwa nyepesi na mama atasikia vizuri. Nia ilikuwa njema.

Nikabonyeza pale pale dukani, mchana, chaji iko nusu, storage imejaa. Backup sina.

Ikajizima, ikajiwasha, ikaanza kuhesabu asilimia. Ilipofika katikati ikaganda. Dakika tano. Dakika kumi. Wateja wa mbolea wamejipanga, bosi anapiga simu ya duka kuniuliza mbona sipatikani. Nikaona imeshakufa hii, nikashikilia kitufe cha power mpaka ikazimika.

Wakuu, haikuwa imekufa. Ilikuwa inafanya kazi yake taratibu, kama mama na rozari yake.

Nilipoiwasha ikaleta nembo, ikazima. Ikaleta nembo, ikazima. Ikawa hivyo mpaka jioni.

Saa kumi ikafika. Mama akaangalia stuli, akaniangalia mimi, akanyoosha kidole kwenye stuli. Nikamwambia simu ina shida kidogo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na uji akaukataa. Gaudensia hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliniuliza tu, "Kaka, ile rekodi hukuituma popote?"

Asubuhi nikaenda kwa fundi mmoja mjini, simtaji. Aliitazama simu sekunde chache tu. "Hii ya kureset tu bosi. Dakika ishirini unaondoka."

Nikamuuliza, "Vitu vyangu vitabaki?"

"Vitu gani, picha? Si utapiga nyingine."

Alishaifikisha kwenye ile screen nyeusi yenye maandishi madogo, kidole kinashuka na kitufe cha sauti kuelekea wipe data, yaani kufuta vyote. Nikainyakua simu mkononi mwake. Akanishangaa, na mimi nikajishangaa. Sio mtu mbaya yule. Ana haraka tu, na nilimuona kama ni mimi nimekaa upande wa pili wa meza.

Niliporudi nyumbani, Gaudensia ndiye akanielekeza mtaa wa Lizaboni, kwa fundi mwanamke anaitwa Zuhura, mtu wa Tunduru, aliwahi kumtengenezea simu yake. Kibanda chake kidogo kiasi kwamba wateja wawili tukikaa, wa tatu anasimama nje.

Nikaanza kumweleza mambo ya update na asilimia. Akanikatiza. "Kaka, subiri. Kabla sijaigusa niambie, humu ndani kuna kitu gani ambacho kikipotea utalia?"

Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikamwambia. Rozari, kiharusi, midomo, yote. Akachukua kipande cha plasta ya hospitali, akaandika kwa kalamu SAUTI YA MAMA, akakibandika mgongoni mwa simu. Nikatazama simu nyingine mezani, kila moja ina plasta yake. Moja imeandikwa "picha za harusi". Nyingine "namba za wateja wa korosho". Nyingine "hamna kitu", na hiyo ndiyo ilikuwa imefunguliwa tumbo wazi.

"Huu ndio utaratibu wangu," akasema. "Simu yenye plasta haifutwi mpaka kilichoandikwa kitoke. Tutajaribu, Inshallah."

Kwanza akaichaji. Nusu saa nzima hakuna alichofanya, na mimi nakanyaga kanyaga chini kama nimebanwa mkojo. Alisema simu yenye betri dhaifu inadanganya, inaonyesha ugonjwa ambao haina.

Baadaye akashikilia power na volume down pamoja, ijiwashe upya kwa nguvu. Ikarudia nembo. Akaizima, akashika power na volume up, ikaleta ile screen nyeusi niliyoiona mjini. Nikainuka kwenye kiti.

"Usiogope. Tazama hapa," akanionyesha. "Wipe cache, hii inafagia uwani, chumbani haiingii. Hii nyingine, wipe data, inatoa mpaka kitanda. Zimekaa karibu karibu, ndiyo maana nasoma mara mbili kabla ya kubonyeza." Akausoma ule mstari kwa sauti, mara mbili kweli, ndipo akabonyeza. (Kwenye simu nyingine hiyo ya cache haipo, kwa hiyo msije mkanilaumu.)

Ikawaka! Nikaona picha ya mama kwenye screen, nikanyoosha mkono nifungue rekodi. Zuhura akanipiga kofi la mkono. "Tulia! Usifungue kitu, hii haijapona."

Kweli. Baada ya dakika tatu nne ikajizima yenyewe, ikajiwasha tena. Akaniambia update imekaa nusu na storage imejaa, simu inashindwa kupumua. Tunachoweza ni kuwahi kutoa mzigo kabla haijazima.

Akaiweka flight mode, app zisiamke. Akachomeka waya wa laptop, nikaingiza PIN, akachagua file transfer. Ikazima. Tukarudia, tukalikuta folda la rekodi, likaanza kukopi. Ikazima katikati. Mara ya tatu akaisogeza mbele ya feni, na sote mle kibandani tukainamia laptop, hata mama mmoja aliyekuwa amefuata vocha.

Ikamaliza.

Akafungua faili kwenye laptop, na sauti ya mama yangu ikajaa Lizaboni. Nililia wakuu, sifichi. Yule mama wa vocha akapiga ishara ya msalaba. Zuhura akasikiliza mpaka pale kwa kuku, akacheka mpaka akavua miwani. "Bibi yangu Tunduru alikuwa hivi hivi. Anafukuza mbuzi katikati ya uradi, halafu anaendelea."

Akakopi kwenye flash yangu, akabakiza nakala nyingine kwenye laptop mpaka nifike nyumbani salama. Ndipo akabandua plasta.

Nikadhani tumemaliza, nikasema haya dada, ireset sasa. Akaniuliza, "Email iliyomo humu ni ya nani?"

Hapa wengi wenu mtajiona. Nilipoinunua simu, muuzaji aliniambia "kaka tukufungulie na email kabisa," akaweka jina analojua yeye na password anayoijua yeye, mimi nikaondoka na kava la bure nikifurahi. Password sijawahi kuiona. Yule muuzaji alishahama mji.

Zuhura akatikisa kichwa. "Yule fundi wa kwanza angefuta kwa kupitia screen nyeusi, simu ingewaka na kukudai email hii hii. Ungekosa sauti, ukakosa na simu."

Akatoa flight mode, na kila simu ikizima tulisubiri iwake tuendelee. Akanifungulia email mpya, password nikaitunga mwenyewe na kuiandika kwenye daftari langu. Ile ya dukani akaiondoa. Chats nazo akazifanyia backup kwenye email mpya. Baada ya hapo ndipo akaireset, tena kwa kupitia settings, PIN nikaingiza mimi. Ilipowaka, tupu na safi, akaijaza chaji, akaanzisha update upya, akaiweka juu kabisa ya rafu.

"Sasa wewe nenda kanywe chai. Ukikaa hapa utaishika."

Nikaenda. Nilikunywa vikombe viwili na chapati. Niliporudi ilikuwa imemaliza bila ya mimi, na Zuhura akairudisha rekodi ndani ya simu.

Saa kumi nilikuwa nyumbani. Simu juu ya stuli. Mama alipoiona tu akaomba rozari kwa kidole, Gaudensia akampa mkononi. Nikabonyeza.

Fumbo la kwanza, punje zinasogea. La pili, midomo inafuata. La tatu, mama akafumbua macho, akainua mkono wa kushoto kuelekea mlangoni.

"Shii."

Kwa sauti. Ya chini, ya kukwaruza, lakini sauti.

Nikadhani ni rekodi. Gaudensia naye akadhani ni rekodi. Halafu, sekunde moja baadaye, rekodi ikasema, "Shii! Shii, wewe!", na jumuiya ndani ya simu ikaangua kicheko. Mama alikuwa amejitangulia mwenyewe.

Na yeye akacheka. Upande mmoja wa mdomo tu, lakini alicheka. Gaudensia alikuwa sakafuni amemkumbatia miguu. Sala siku hiyo haikuisha vizuri, Mungu atatusamehe.

Nikampigia Zuhura. Akasema "Alhamdulillah," akaniambia ile plasta hajaitupa, ameibandika ukutani. Dada huyu nitamshukuru maisha yangu yote, na mahindi mabichi ya mwanzo ya shamba letu yalikwenda kwake.

Tangu siku ile mama ameongeza "maji", "Gaude", na juzi "wee" ya kunigombeza nilipokula nimesimama.

Nilichojifunza: update haina shida, shida ni sisi. Toa vitu vyako kwanza, uviweke sehemu mbili nje ya simu. Punguza mzigo kwenye storage, jaza chaji, halafu uiache simu hata ikikaa kimya. Hakikisha email ni yako na password unaijua, kama ulifunguliwa dukani ibadilishe leo wakati simu bado inawaka. Fundi akikimbilia kufuta kabla hajakuuliza kuna nini ndani, chukua simu yako kwa adabu uondoke.

Na ukiombwa rekodi na dada yako, itume siku hiyo hiyo.

Wataalamu nirekebisheni nilipokosea. Wengine nanyi tuambieni hapo chini, simu yako ikiwekwa kwenye meza ya Zuhura sasa hivi, plasta yake itaandikwa nini? Ila nenda kakikopi kwanza, ndipo urudi kujibu.

Nitasoma comments baadaye. Saa kumi inakaribia, na mama ameshaninyooshea kidole kwenye stuli.