Kubisha Hodi Kabla ya Amri

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha kompyuta cha hospitali, mkuu wa kitengo, Mama Kokushubira, aliniuliza swali moja tu: "Unatumia shell gani?"

Shell ni ile programu unayoiandikia amri kwa maneno, bila kubofya vipicha. Nilikuwa nimetoka kwenye ualimu, nimezoea Windows, nikajibu kwa kujiamini: PowerShell. Alinitazama kama mtu aliyeagiza ndizi za kupika akaletewa mbivu. Yeye na seva zake za Linux walikuwa watu wa Bash, basi. Daktari mfawidhi naye alikuwa na Mac yake, hasikii la mtu kuhusu shell yake ya zsh. Chai ya saa nne ilikuwa utani mtupu, maana amri za PowerShell ni ndefu kuliko za Bash. "Wewe wa amri ndefu ndefu, sukari hiyo hapo," Mama alikuwa akiniambia.

Hata hivyo alinifundisha Bash kwa upendo, kwa sharti moja. "Huku kwetu mtu haingii kwa watu bila kubisha hodi. Kabla ya kufuta chochote, andika pwd." Amri hiyo hukuonyesha folda uliyopo. Nilifurahi, maana PowerShell nayo inaielewa, na zsh pia.

Asubuhi moja seva ya kituo chetu cha afya cha Kimuli ilijaa, mfumo ukagoma, dawa zikawa hazitolewi. Mama aliingia kwenye seva hiyo kwa mtandao, simu begani, muuguzi wa Kimuli akimlilia kwamba wagonjwa wamejaa barazani. Alitaka kufuta faili za muda. Akaandika rm -r *, yaani futa vyote vilivyomo humu, ikabaki kubonyeza Enter tu. Bash ikishaambiwa hivyo haiulizi mara mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Mama, umebisha hodi?"

Alinikata jicho. Kisha akafuta alichoandika, akaandika pwd. Jibu likaja: /data/wagonjwa. Vipimo na dozi za kituo kizima, na nakala ya akiba ilikuwa haijachukuliwa.

Akaweka simu mezani. "Waitu, mwenzetu," alisema polepole, "leo mtu wa PowerShell ameniokoa."

"Ni hodi yako mwenyewe, Mama."

Akahamia folda sahihi, akasafisha, na Kimuli wakaendelea kutoa dawa.

Alistaafu kabla yangu, na ofisi ikanipwaya. Sasa nami nimestaafu. Vijana wakiniuliza shell ipi ni bora, nawaambia ile mliyoizoea, mradi mnajua mko wapi. Mimi bado ni wa PowerShell, sitaki kesi na mtu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa napunguza majani kwenye migomba yangu hapa Nyakasimbi. Nikasikia sauti njiani:

"Pwd!"

Nilijua ni nani kabla sijageuka, na machozi yakanilenga. "Nyumbani, Nyakasimbi, migombani!"

"Basi usifute kitu," akasema Mama Kokushubira. "Naingia."