Masizi Mtoni

Nilipokuwa mtoto kwetu Kinole, nilijua makosa yote ya mtoni kabla sijajua kusoma saa. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili: usichovye mtoni sufuria yenye masizi. Mwenye mto hapendi weusi wa moto kwenye maji yake, na akichukia hushusha maji yote ya mlimani kwa mpigo. Tuliambiwa hivyo, tukaamini, basi.

Mwaka huo mvua ilikata barabara, na mama mdogo alikuwa na maulidi ya mtoto wake Mkuyuni. Bibi, mama yake mama, akaamua tufuate mto kwa miguu. Tuliondoka alfajiri watu tisa, wanawake na watoto, na Mjomba Saidi aliyebeba magimbi na kulalamika njia nzima. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mzigo wangu ulikuwa Zuhura, mdogo wangu wa miaka minne, aliyekuwa akichoka kila baada ya migomba mitatu.

Saa saba mchana jua lilikuwa kali, ingawa juu mlimani kulishafunga wingu jeusi. Tukapumzika kwenye mwamba mpana katikati ya mto. Tulitandika mkeka, Zuhura akalala papo hapo. Mjomba alikoka moto palepale mwambani, na sufuria ya magimbi ikawa nyeusi tii.

"Khadija, maji yamepungua. Chukua kata ukachote," Bibi akaniambia.

Kata ilikuwa chini kabisa ya kapu. Nani afukue kapu zima kwa ajili ya kata? Nikamwaga magimbi kwenye ungo, nikaizamisha sufuria yote mtoni. Masizi yakatanda juu ya maji.

"Wee! Umefanya nini?"

"Nimechota tu, Bibi."

"Umechota na masizi! Haya, tokeni wote! Sasa hivi!"

"Mama, hata hatujala," Mjomba akanung'unika.

"Utakula matusi yangu! Toka!"

Nilimbeba Zuhura na usingizi wake. Bibi alitupandisha ng'ambo hadi kwenye migomba, akatukalisha tumeupa mto mgongo, kama ilivyo desturi, akaanza kuomba radhi kwa Kiluguru. Hakumaliza. Tulisikia mngurumo, tukageuka. Mto ulikuwa unashuka rangi ya udongo, umebeba magogo. Mkeka, magimbi, sufuria, vyote vilikwenda, na mwamba wenyewe hatukuuona tena.

Bibi alinitazama. "Umeona ulichotuletea?"

Maulidini habari ilifika kabla sijapakuliwa pilau. Nikawa Khadija Masizi, na jina hilo nilikaa nalo mpaka naolewa. Wenzangu walicheka, mimi sikucheka hata kidogo. Niliamini nilikaribia kumuua mdogo wangu, na kwa miaka mingi sikukubali kwenda naye mtoni. Akinililia twende nilimfukuza, naye akidhani simpendi.

Nimechelewa sana kulifikiria vizuri jambo lile. Wingu lilikuwepo juu tangu mapema. Mvua ilishanyesha huko, na maji yalikuwa njiani kabla sijainama. Ningefukua kapu nikachota kwa kata kama nilivyoagizwa, yangetukuta mwambani tunamenya magimbi, na Zuhura amelala. Uvivu wangu ndio uliotutoa.

Nilimwambia Bibi hayo akiwa mzee, haoni vizuri, tumekaa kibarazani tunaanika mdalasini. Nilitegemea abishe.

"Nililijua siku ileile," akasema. "Lakini ningekusifu, kesho watoto wote wangechota na masizi."

Nilikasirika. "Ukaniacha niitwe vile miaka yote?"

"Nilikuona una nguvu, utabeba."

"Nilikuwa na miaka tisa, Bibi."

Akaendelea kugeuza magome ya mdalasini yaliyokwisha kugeuzwa. Kisha akasema, "Ndiyo. Nisamehe, mjukuu wangu."

Nilimsamehe, na siku hiyohiyo nikampigia simu Zuhura, tukaongea mpaka salio likaisha. Mwiko wa masizi nawafundisha wanangu mpaka leo, kwa sababu sioni ubaya wa kuuheshimu mto. Ila kumtwika mtoto mmoja lawama ili wengine washike adabu, hilo kwangu halina nafasi.