Filamu ya Nyani Niliyomtafsiria Mama

Nilimwambia mama kwamba najua Kiingereza. Hilo ndilo kosa lenyewe, mengine yalifuata tu. Nilikuwa nafagia mabehewa stesheni ya Voi, shule niliiacha darasa la pili, na Kiingereza changu kilikuwa salamu na neno moja, "tomorrow", yaani kesho. Lakini nikipanda kijijini kwetu Mwanda, milimani, likizoni nilikivuruga mbele ya majirani, mama akifurahi. Kwa hiyo kifua kilipomsumbua akateremka kwangu: Jumatatu nimpeleke kwa daktari Mzungu, asiyejua Kiswahili, nimsemee.

Jumamosi alasiri nikampeleka sinema katika ukumbi mmoja pale mjini, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Ilikuwa filamu ya tatu ya wale nyani wenye akili, wanaosema kama watu. Zile mbili za kwanza sikuziona, ila nilisema nimeziona.

Mama na nyani walijuana. Nyani wa kwetu hawamwogopi mwanamke, wakiona leso wanaendelea kuvunja mahindi, mwingine anakaa kabisa anatafuna akimtazama. Baba alipofariki, mama akawa analinda shamba amevaa koti na kofia ya marehemu, anaunguruma kwa sauti nzito. Lakini nimetoka njiani. Basi, kwenye filamu chombo cha angani kikaanguka baharini, wakatoka nyani watatu, wamevaa nguo.

"Hee! Wana koti kama mimi!" mama akacheka. "Wanasema nini, mwanangu?"

Ningesema sijui. Hadi leo najiuliza, neno hilo lingeniua? Nikasema, "Wametoka Kongo, kuna njaa. Wanaomba mahindi."

"Wanyimwe!"

Mstari mzima ukacheka, nami nikanogewa. Kila aliyefungua mdomo nikamtilia maneno. Yule jike mjamzito anataka unga. Yule Mzungu mwenye miwani ni chifu, anasema ghala limefungwa.

Halafu jike akajifungua, watu wakaanza kuwawinda kwa bunduki. Wakampiga risasi, na mtoto aliyempakata pia. Mama akanishika mkono.

"Kwa mahindi tu? Mzazi wa juzi wanamuua kwa mahindi?"

Msichana wa sekondari aliyeketi mbele yetu akageuka, akamweleza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa adabu kabisa:

"Mama, hawakuomba chakula. Wametoka miaka ambayo bado haijafika, wakarudi nyuma mpaka siku zetu hizi. Huko mbele nyani ndio wanaotawala watu. Sasa watu wameogopa, mtoto huyu asije akauanza ukoo huo."

Nyuma yetu jamaa akapaza sauti, "Karani wa Kongo, tafsiri na hiyo!" Walicheka zaidi ya mara ya kwanza. Mama hakucheka. Hakunikemea pia, angenikemea ningeshukuru. Njiani alizungumza habari za mboga tu.

Jumatatu hospitalini, jina la mama lilipoitwa, nikainuka naye. Mama akamshika nesi mkono, akamwomba kwa Kidawida aingie naye. Kisha akanigeukia.

"Wewe keti hapa nje, baba, upumzike."

Benchi zima lilisikia. Nikaketi. Lakini aibu ninayoiandika si ya ukumbini, wala si ya benchi. Ni kwamba mlango ulipofungwa, mama yangu yumo ndani na kifua chake, mimi nilishusha pumzi kwa raha, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Alipotoka nikamuuliza daktari amesema nini.

"Nesi ameelewa," akasema, akaanza kutembea.