Waya wa Kurudi

Fundi aliyeniwekea umeme mpya kwenye mashua yangu ya tanga alikuwa wa magari, yale ya mitumba kutoka Japani yaliyofurika Mwanza baada ya soko kufunguliwa. Hakujua kutulia. Alimenya nyaya kwa meno, akafunga, akafungua, akafunga tena, huku mguu mmoja ukigonga sakafu kana kwamba kuna mtu anamsubiri. Kwenye gari, waya mmoja hupeleka umeme na bodi ya chuma huurudisha. Basi na huku alipitisha waya mmoja tu, toka kwenye betri hadi taa ya nyuma, ile ya kuonwa na meli usiku zisitugonge. Akaikinga jua kwa viganja viwili. Nikawasha. Viganja vikabaki na giza.

Angeweza kusingizia balbu. Badala yake aligonga ubavu wa mashua kwa kidole. "Mbao!" alisema. "Nimekosea mimi, Mama Selina. Mbao hairudishi umeme." Akang'oa kazi ya siku mbili, akavuta nyaya mbilimbili, wa kwenda na wa kurudi. Asubuhi ya safari ya Ukerewe alijaribu kila kiungo, akaaga, akarudi, akaaga. Tulikuwa tumeshafungua kamba alipoingia ziwani, maji hadi magotini. "Hebu washa tena!" Kwa jua lile asingeiona taa. Niliiwasha, nikaikinga kwa viganja viwili kama yeye, nikamwitikia kwa kichwa. Ndipo akaviangalia viatu vyake mle majini.