Mchonga Majina wa Al Baraha

Fundi yule Mmisri wa mtaa wa Al Baraha huchonga majina kwenye vidani vya dhahabu, huku akinong'ona majina matano aliyopewa kila firauni wa kwao wa kale: Kipanga, Kipenzi cha Mabibi Wawili, Kipanga wa Dhahabu, Bwana wa Matete na Nyuki, Mwana wa Jua. Mie, wallahi, nimeona nyuki wakitoka patasini mwake. Juzi mteja mmoja, Mundhir, kaleta kidani cha Tufaha, mke aliyemwacha, ampe mke mpya.

"Futa Tufaha, andika Afra."

"Ukimfuta mtu jina, bwana, hata akhera hatajulikana," fundi akamwambia.

Arbab, mwenye duka, akafoka: "Futa, au kazi khalas!"

Fundi akakipangusa kidani kwa ncha ya kanzu, akakiweka kiganjani mwa Mundhir, jina la Tufaha bado likiwa juu, kisha akainama kutafuta viatu vyake.