Miaka miwili ya maumivu ya mgongo Doha, na nafuu niliyoipata kwenye chumba cha kufulia

Kwa nini nyumba ambayo bomba likivuja asubuhi fundi anafika kabla ya chakula cha mchana, ikae na mashine mbovu ya kufulia wiki saba nzima?

Swali hilo niliwahi kuliuliza kwa sauti mbele ya wanawake wote wa ghorofa yetu. Wiki hizo saba zilikuwa hazijatimia.

Wakuu, salaam kutoka kwa mtu aliyewahi kuvaa soksi akiwa amelala chali, kwa sababu kuinama alikuwa hawezi. Ninayosimulia yamenipata mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi ni binti wa Morogoro. Nilimaliza digrii ya sosholojia, nikazunguka na bahasha ya vyeti mpaka bahasha ikachanika, mwishowe nikaenda Qatar kuwa mlinzi. Walinzi wa kike wanatafutwa sana kule, kwenye mol na hospitali, kukagua mikoba ya akina mama.

Kampuni ilituweka Al Rayyan, pembeni ya Doha, kwenye jengo lake. Wasichana sita chumba kimoja, vitanda vya juu na chini.

Kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Saa kumi na mbili kwa siku. Kiti kipo, ila ni pambo tu. Ukikikalia kamera inakuona, na mudir wetu, yule bosi wa walinzi, anapiga simu kabla hujapata hata joto lake.

Mwaka wa kwanza mgongo ulianza kuuma kwa chini, pale mkanda wa sare unapopita. Nikasema ni uchovu. Mwaka wa pili maumivu yakahamia moja kwa moja. Nalala nayo, naamka nayo, napanda nayo basi la kampuni.

Sasa kuna kosa tulikuwa tunalifanya walinzi karibu wote, na sijawahi kulisikia kwa watu wa kazi nyingine. Tulikuwa "tunauwekea mgongo akiba".

Siku ya off unalala kutwa. Huinuki. Unafikiri mgongo unajaa kama simu kwenye chaji, halafu utautumia wiki nzima. Tulikuwa mpaka na zamu za kuletana chakula kitandani. Nakumbuka nikila wali, sahani iko juu ya kifua, nimetulia kama mgonjwa wa wodini.

Kesho yake narudi kazini nimekakamaa kama ubao, maumivu yamezidi, nami nahitimisha kwamba sikupumzika vya kutosha.

Wanaonijua humu wanajua jinsi ninavyohoji kila kitu. Nilihoji dini, nilihoji ndoa, nilimhoji mhadhiri mpaka akaniomba nikae. Lakini hilo la kulala sikulihoji hata siku moja.

Kilichoniamsha ni kipimo.

Kila mwaka kabla ya mkataba mpya kampuni ilikuwa inawapima walinzi. Unabeba mtungi wa kuzimia moto, unapanda ngazi za dharura mpaka ghorofa ya nane, unashuka, halafu unasimama mbele ya mudir na kutaja jina na namba yako ya kazi bila kukatika pumzi. Ukishindwa, unapewa tiketi ya kurudi kwenu.

Wiki saba kabla ya zamu yangu nilijijaribu na ndoo ya maji. Ghorofa ya pili nikakaa kwenye ngazi, nikalia.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilijiona nashuka kwenye ndege nimeshika kiuno, mama yangu ananipokea begi, yeye ndiye analibeba.

Siku iliyofuata nikaenda zahanati. Wakanipeleka kwa fizio, yaani yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama mmoja wa Kisudani, mrefu, mpole, asiye na haraka.

Aliniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama nilianguka, kama mkojo unanitoka. Yote hapana. Akanigonga magoti, akanikunja, akanikunjua. Kisha akauliza, "Siku ya mapumziko unafanya nini?"

"Nalala."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Akanitazama kama mtu aliyepata funguo zake mfukoni mwake mwenyewe.

Akanipandisha kwenye baiskeli ya mazoezi, akasimama pembeni. Dakika moja kwa nguvu, dakika moja taratibu. Akaniandikia hivyo hivyo kwenye karatasi: mara kumi, siku tatu kwa wiki, anza na chache.

Nikamwambia, "Mgongo unauma, halafu wewe unataka niruke?"

"Sijasema uruke. Nimesema uheme."

Nikamdai ushahidi. Akacheka, akasema nikasome.

Nikasoma kweli, wakuu, kwenye basi la kampuni, siku kadhaa. Hii kitu inaitwa HIIT, mazoezi makali ya vipindi vifupi. Nilikuta waliowapima watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu wakasema wengi walipata nafuu, mradi mtu amekaguliwa na anasimamiwa. Nilikuta pia wanaosema mazoezi mengine yanasaidia vilevile, kwa hiyo hakuna muujiza wowote.

Ila sikumkuta hata mmoja anayesema lala Ijumaa nzima na sahani kifuani. Hapo nikaishiwa hoja.

Shida ikawa mahali. Nje ilikuwa kiangazi. Hata baada ya magharibi hewa ni ile ya kufunua sufuria. Chumbani, ukinyoosha mkono unamshika mwenzako pua. Palibaki chumba cha kufulia, sakafu tupu ya saruji. Lakini mlangoni palibandikwa tangazo: asiyefua asikae humu.

Sasa niwajulishe Dada Achieng.

Mkenya, mtu wa Kisumu, ana arobaini na kitu, mwili umejaa, kicheko kinafika lifti. Ndiye alikuwa kiongozi wa ghorofa. Aligawa zamu za kufua, aliripoti vilivyoharibika, alipatanisha waliogombania pasi. Kwa kazi hiyo alipewa chumba cha watu wawili na kitanda cha chini, karibu na dirisha. Alikipenda kile kitanda kama mtoto wake wa mwisho.

Akanikuta koridoni na karatasi yangu.

"Profesa, hiyo sura ni ya mtihani ama ya njaa?"

Nikamweleza yote. Akasoma karatasi akiisogeza mbali na macho.

"Dakika moja, dakika moja. Na shida iko wapi? Kuja."

Akaingia chumbani kwake, akatoka na shuka lake la maua ya njano, akanivuta mpaka chumba cha kufulia. Kulikuwa na mashine mbili. Ya kulia nzima. Ya kushoto ilikuwa imeharibika wiki ileile: inazunguka kama dakika moja, inakata, inanyamaza kama dakika moja, halafu inaanza tena upande wa pili. Kufua mara moja kunachukua mara mbili ya muda. Ghorofa nzima iliichukia.

Achieng akatia shuka kwenye ile ya kushoto, akawasha, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Hii mashine ikizunguka, wewe zunguka. Ikinyamaza, nyamaza. Na hiyo mdomo pia inyamaze."

Nilianza kwa kupiga magoti juu, mahali pamoja, mikono ikienda kwa kasi. Mizunguko minne tu, siku ya kwanza. Moyo ulinidunda mpaka masikioni.

"Dada Achieng, lakini je, kama diski ya mgongo..."

"Aki wewe! Hata immigration hawaulizi hivi. Inua goti!"

Ndivyo tulivyoendelea. Siku tatu kwa wiki, baada ya shifti, yeye na shuka lake na karanga zake, mimi na kuhema kwangu. Baadaye nikaongeza kupanda na kushuka kizingiti, kisha kuinuka na kukaa kwenye ndoo haraka haraka. Nakato, Mganda wa chumba cha jirani, alichungulia siku moja akashika kiuno.

"Banange! Mnafua nguo ama mnafua mtu?"

Wiki ya pili niliumwa zaidi. Mapaja, makalio, kila kitu. Ijumaa ikafika, nikarudi kwenye dini yangu ya zamani: nikalala, nikasubiri sahani. Mchana Achieng akapita mlangoni mikono mitupu.

"Chakula iko jikoni. Jikoni iko chini. Ngazi unazijua."

Niliwaka. Nilimwita katili, kwa Kiswahili cha chuo kikuu kabisa. Nikashuka hivyo hivyo, nikala nimesimama. Kesho yake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, sikuamka ubao. Fizio aliponiona akaniambia misuli inayolalamika kwa kufanya kazi ni habari nyingine, na ule mgongo wangu ni habari nyingine, nikaanza kuzitofautisha.

Wiki ya nne, asubuhi moja, nilikuwa nimechelewa basi. Nilivaa sare, nikafunga mkanda, nikavaa soksi, nikakimbia. Nilipokaa kwenye kiti cha basi ndipo nikagutuka: soksi nimezivaa nimesimama. Mguu mmoja, kisha mwingine. Nilitazama viatu vyangu njia nzima kama mtu aliyepewa vipya.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo siipendi.

Wiki ya tano uliitishwa mkutano koridoni. Ajenda ni mashine. Wanawake walichoka kukaa foleni ya mashine moja nzima. Nakato akasimama, akasema kiongozi amelala usingizi kwenye kitanda kizuri. Watu wakaguna kumuunga mkono.

Nami nikanyoosha mkono, nikauliza lile swali. Nililiuliza kwa mpangilio mzuri, na mifano. Bomba lilitengenezwa siku ileile. Taa ya ngazi, siku ileile. Kwa nini mashine hapana?

Achieng alinitazama, akaendelea kumenya karanga zake.

Ikapigwa kura. Wanaotaka kiongozi abadilishwe wanyooshe mikono. Kichwani mwangu hoja ilikuwa safi kabisa: napenda msaada wake, lakini ukweli ni ukweli, kuripoti ni kazi yake na hajaifanya. Urafiki usiingie.

Nikanyoosha mkono.

Achieng mwenyewe ndiye aliyehesabu mikono. Alipofika kwangu akanigusa kidole kwa kidole chake, akasema, "Na profesa," akaendelea. Nakato akachaguliwa, akabidhiwe mwisho wa mwezi.

Jioni ileile nilisita kwenda kufulia. Nilipochungulia, shuka la maua lilikuwa tayari ndani ya mashine, na yeye yuko kwenye ndoo.

Nikamuuliza, "Dada, kwani huwezi kuripoti tu?"

"Nimeripoti, profesa. Inua goti."

Siku ya kipimo nilibeba ule mtungi. Ghorofa ya tano mgongo ulinong'ona, nikausikiliza, nikaona ni kunong'ona tu. Ya nane nikagusa ukuta, nikashuka. Nikasimama mbele ya mudir, nikataja jina na namba kwa pumzi moja. Akaandika, akasema, "Khalas, tayari, anayefuata."

Achieng alikuwa chini ya ngazi ameshika kofia yangu.

"Bado unaongea? Basi umepita. Wewe hata ukifa utaongea."

Kesho yake fundi alikuja, mashine ya kushoto ikapona. Ndiyo siku ambayo Nakato alikabidhiwa uongozi. Ghorofa ilimpigia vigelegele. Nami nilipiga makofi.

Achieng alihamia chumbani kwetu, kitanda cha juu kilichokuwa wazi, juu ya changu. Kila akipanda ile ngazi ya chuma nilisikia magoti yake. Mkataba wake ulipokwisha alirudi Kisumu. Bado tunatumiana salamu za sauti. Zake zinaanza na kicheko.

Mimi sasa niko Al Wakrah, nimehamishiwa ofisi ya kampuni ileile. Mgongo sio kwamba umepona kabisa. Unanitembelea, haswa nikikaa sana, lakini haukai tena kwangu. Nafanya vipindi vyangu kwenye ngazi, natumia saa ya simu. Saa ya simu haina uhai wowote. Nimekumbuka harufu ya sabuni ya unga, saruji yenye maji maji, na maganda ya karanga niliyokuwa nayafagia huku nimekasirika. Jirani akiwasha mashine yake, miguu yangu inajiandaa.

Nilichojifunza: mgongo hauwekewi akiba. Nenda ukaguliwe kwanza na mtu anayejua, maana sio kila mgongo ni wa mazoezi makali, na ganzi au mkojo kukutoka sio mambo ya kusubiri. Baada ya hapo anza kidogo, na utafute mtu wa kukukalia kwenye ndoo. La pili: hoja inaweza kuwa safi na bado ikakosea.

Walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, mliopitia haya mshushe ya kwenu hapa chini. Wanaopinga pia, nawapenda zaidi.

Lile swali la mwanzo? Nimekuja kulipatia jibu mwaka huu tu, miaka mingi baadaye, kwa sababu ofisi niliyohamishiwa ni ya matengenezo na madaftari ya zamani yako kabatini nyuma yangu. Nilitafuta ghorofa yetu. Mashine ya kushoto iliripotiwa siku ileile ilipoharibika. Fundi alifika mara tatu. Mara zote tatu kiongozi wa ghorofa aliandika kwa mkono wake, "Iacheni kwanza, inatumika," akaweka sahihi. Mstari wa nne una tarehe ya kipimo changu, na mwandiko ni uleule: "Sasa mnaweza kutengeneza."